Kati ya "siwezi" na "sijaweza": jibu kwa mama wa Mbagala

SWALI

Shikamoo. Binti yangu ana miaka tisa, yuko darasa la nne. Mwaka jana tulimhamisha kutoka shule ya serikali tukampeleka shule ya mchepuo wa Kiingereza. Alikotoka alikuwa anashika nafasi ya tatu au ya nne, kila mtu anamwita kichwa. Muhula uliopita amekuwa wa 31 kati ya 38. Siku hizi neno lake ni moja tu: "Mimi siwezi." Ukimpa hesabu, siwezi. Ukimwambia asome kwa sauti, siwezi. Jumamosi ananisaidia kufunga maandazi ya biashara na wala hakosei, lakini daftari likifunguliwa, siwezi. Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma. Nilisikiliza mafunzo kwenye simu, wakasema maneno huumba, nimsimamishe mbele ya kioo kila asubuhi aseme mara kumi: "Mimi ni bingwa, mimi nina akili, mimi naweza." Wiki ya kwanza alisema. Ya pili akaanza kulia. Sasa amegoma kabisa. Baba yake anamwuliza, "Wanaokushinda wana vichwa viwili?" na anasema tunapoteza ada. Bibi yake tunayeishi naye anasema nimemdekeza. Mimi mwenyewe hesabu zilinishinda shuleni, naogopa labda ni damu. Nifanyeje awe mtoto mwenye mawazo chanya? Au nimeshachelewa?

Mama, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mama, na pole kwa asubuhi hizo za machozi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma na kalamu mkononi, nikipiga mstari kila mahali ulipogusa jibu mwenyewe bila kujua. Mistari ni mingi.

Naanza na kioo, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapolia. Kiache kuanzia kesho. Huna haja ya kumtangazia wala kumweleza. Asubuhi ipite tu bila kioo, anywe chai, avae viatu, aende shule. Mtoto wa miaka tisa anajua kusoma ripoti. Ameiona ile 31 kwa macho yake. Ukimsimamisha aseme "mimi ni bingwa", ndani yake kuna sauti inamjibu, "Muongo." Anaondoka nyumbani na mizigo miwili: wa kushindwa aliokuwa nao tangu jana, na wa kumdanganya mama yake aliotwishwa asubuhi hiyo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu wazima walitakiwa kujirudia sentensi ya kujisifu, kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo walijisikia vizuri kidogo. Waliojidharau walijisikia vibaya kuliko wenzao waliojidharau ambao hawakuambiwa waseme chochote. Yaani dawa ilimfaa kidogo mzima, ikamzidishia mgonjwa. Utafiti ule ulikuwa wa watu wazima, lakini ninayoyaona kwa watoto yanafanana nao sana. Kwa hiyo binti yako hakugoma kwa ukaidi. Alikataa kusema asichokiamini, na mimi hilo nalihesabu kuwa dalili njema.

Wewe unaamini maneno huumba, na mimi naamini. Tofauti yetu iko kwenye maneno yapi. Watu wengi wakisikia "mawazo chanya" wanafikiri ni yale maneno matamu mtu anayojiambia mambo yakiwa mazuri. Sisi tunaofanya kazi hii ya kuwasikiliza watoto tunasikiliza kwingine: mambo yakiharibika, mtoto anajielezaje?

Chanzo cha kufikiri hivi kilikuwa kwa mbwa. Mwaka 1967, Pennsylvania, Marekani, Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio ambamo mbwa walipigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia kwa lolote. Baadaye mbwa hao waliwekwa mahali pengine ambapo kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa. Wengi hawakuruka. Walilala chini wakavumilia shoti. Watafiti wakati ule walieleza kwamba mbwa hao walikuwa wamejifunza kwamba wafanyalo halibadilishi kitu. Majaribio yale ni ya ukatili na leo yasingeruhusiwa kirahisi, lakini yalimfanya Seligman aulize swali ambalo limewasaidia watoto wengi: kwa nini binadamu wengine wakipigwa na maisha wanalala chini, na wengine wanaruka? Jibu lilipotafutwa, sehemu yake kubwa ilikuwa kwenye maelezo. Anayelala chini hujieleza kwa mambo matatu kwa pamoja: ni siku zote, ni kila kitu, na ni mimi ndivyo nilivyo. Anayeruka huona kilichoharibika kuwa ni cha leo, ni cha hapa, na kina sababu inayoweza kushughulikiwa.

Sasa lisikilize tena neno la mwanao: "Mimi siwezi." Hakusema lini, kwa hiyo ni siku zote. Hakusema nini, kwa hiyo ni kila kitu. Na limeanza na "mimi". Yote matatu yamo ndani ya maneno mawili. Linganisha na mtoto anayesema, "Jaribio la leo la hesabu limenishinda, kuna maneno matano ya Kiingereza sikuyaelewa." Huyu naye hana furaha, hajajiita bingwa, hajatabasamu. Lakini maneno matano yanaweza kutafutwa. Hayo ndiyo mawazo chanya ninayotaka tumjengee binti yako.

Na hapa Kiswahili kimetusaidia kuliko lugha nyingi. Kuna "siwezi" na kuna "sijaweza". Katikati yao kuna kasilabi kadogo, "ja", na kanabeba kesho nzima. Siwezi imefungwa. Sijaweza inaungojea wakati wake, kama ugali usioiva: hakuna anayeumwaga, unarudishwa jikoni. Mtoto akisema siwezi, usimbishie kwa "unaweza bwana!", maana ubishi huo atakushinda, ana ripoti mkononi. Itikia tu, kwa sauti ya kawaida: "Hujaweza. Umefika wapi?" Swali hilo la pili usilisahau. Neno "hujaweza" peke yake, likirudiwa kila siku bila kazi nyuma yake, litageuka kioo kingine. "Umefika wapi" inampeleka kidole kwenye daftari, kwenye mstari aliokwama, na mara nyingi ataona mwenyewe kwamba mistari mitatu ya juu ilikuwa sawa.

Nije kwenye jambo ambalo naona limepita haraka katika barua yako, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mlimhamisha. Mtoto aliyesoma miaka yote kwa Kiswahili, mkamweka katikati ya wenzake waliosoma kwa Kiingereza tangu chekechea, akafundishwa hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa lugha ambayo kwake ilikuwa somo moja tu. Sikulaumu kwa kumhamisha, mzazi anatafuta. Lakini angalia kilichotokea: akili iliyokuwa ya tatu haikupungua, imevishwa koti lisilomtosha. Tatizo ni kwamba mtoto hawezi kujieleza hivyo. Hana uzoefu wa kusema, "Hapa kinachonikwamisha ni lugha." Anachokiona ni kwamba zamani alikuwa na akili na sasa hana. Na ninyi watu wazima, pasipo kukusudia, mmemthibitishia: baba ameuliza habari ya vichwa viwili, bibi amesema kudekezwa, wewe umesema damu. Katika nyumba nzima hakuna aliyesema tatizo ni Kiingereza.

Kwa hiyo kabla ya kumfundisha mawazo chanya, mpe sababu ya kweli. Kaa naye siku ambayo hakuna mtihani wala ugomvi, mwambie, "Mwanangu, ulipotoka shule ile ulikuwa unasoma kwa Kiswahili. Tukakuhamisha sisi, ghafla. Wenzako wamekutangulia Kiingereza kwa miaka mingi. Akili yako ni ile ile. Kinachotakiwa ni maneno, na maneno tutayatafuta." Utashangaa mabega yake yatakavyoshuka. Nimewaona watoto wakivuta pumzi ndefu chumbani kwangu baada ya kuambiwa sentensi kama hizo, kwa sababu kwa mara ya kwanza tatizo limepata jina lisilo lao.

Kisha Jumamosi ikifika, jaribu hivi. Mko na beseni la maandazi, tuseme yako 84, na mifuko inayoingia sita sita. Usimwambie ni hesabu. Muulize tu, "Tuandae mifuko mingapi?" Mwache. Huenda atanong'ona: kumi za sita ni sitini, yamebaki ishirini na nne, nne za sita ni ishirini na nne; mifuko kumi na minne. Au atatumia njia yake nyingine kabisa, haidhuru. Mkimaliza kufunga, chukua kipande cha karatasi, hata cha kiroba cha unga, muandike pamoja alichokifanya: 84, toa 60, baki 24, toa 24, baki sifuri. Hiyo ni hesabu ya kugawanya, ile ile iliyoko kwenye daftari analolifunga. Mwambie akutafutie kwenye kitabu cha shule swali linalofanana na la maandazi. Hapo tulia, usiseme neno, mwangalie macho. Ikiwa anasoma sentensi ya Kiingereza na kuganda kabla hajafika kwenye namba, umepata jibu: mtoto anajua kugawanya, hajaelewa anaulizwa nini. Hapo dawa yake ni daftari dogo la maneno, upande mmoja Kiingereza cha hesabu, upande wa pili Kiswahili, maneno matatu kwa siku, yasizidi. Gawa. Baki. Jumla. Zidi kwa. Maneno ya maswali ya hesabu za darasa la nne yanajirudia. Baada ya wiki kadhaa atakuwa anakutana na yale yale.

Na umfuate mwalimu, lakini usimwulize "mwanangu anaendeleaje", kwa sababu utajibiwa "aongeze bidii" na utarudi nyumbani ulivyokwenda. Uliza swali moja: "Anakosea hesabu, au haelewi swali?" Mwalimu mzuri atalifikiria. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne uko mbele yenu, na shuleni kwao utakuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo swali hili halisubiri.

Kabla sijaendelea, kapime macho na masikio yake. Niliwahi kuletewa mvulana wa darasa la tatu ambaye shuleni walishamwita mzito. Nilimwomba anisomee tarehe kwenye kalenda iliyokuwa ukutani. Aliinuka, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Miaka mitatu alikuwa anakaa dawati la nyuma akiamini kila mtu anaona ubao kama yeye, ila wenzake wana akili zaidi. Nimeapa tangu siku ile nisizungumze habari ya mawazo na mtoto yeyote ambaye macho yake hayajapimwa.

Sasa turudi kwenye ile damu. Umeandika kwamba hesabu zilikushinda na unaogopa amekurithi. Mama, wewe unajua kilo moja ya unga inatoa maandazi mangapi, mafuta yakipanda bei unajua upunguze wapi, na jioni unajua faida ni ngapi bila kalamu. Mtu wa namna hiyo hesabu hazikumshinda. Kilichokushinda pengine ni somo, au mwalimu, au fimbo ya mwalimu. Lakini ukilisema mbele ya binti yako, hata kwa kumfariji ("usijali, hata mimi hesabu sikuziweza"), unampa urithi ambao haukuwepo. Watoto hawajifunzi kujieleza kwa kufundishwa. Wanatusikia. Jioni unarudi maandazi yamebaki nusu beseni, unasema, "Mimi sina bahati kabisa," na mtoto yuko pale anafungua mkoba. Amejifunza. Siku nyingine yenye hasara ile ile unaweza kusema, kwa sauti ile ile ya uchovu, "Leo yamebaki. Mvua ilinyesha, watu hawakutoka. Kesho nitapika pungufu, nikiona kumekucha vizuri nitaongeza." Hujaficha hasara wala hujajichekesha. Umemwonyesha jinsi mtu mzima anavyoshindwa siku moja bila kushindwa maisha. Kama utachukua kitu kimoja tu katika barua hii ndefu, chukua hicho, kwa sababu hakihitaji muda wala fedha na unaweza kukianza leo jioni.

Tena, ukikosea, kosea mbele yake. Kadiria chumvi vibaya, sema, onja, rekebisha. Nyumba ambayo watu wazima hawakosei kamwe ni nyumba ngumu kwa mtoto anayekosea kila siku.

Kuhusu sifa, hapa nina la kusema kwa uangalifu. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano huko Marekani. Baada ya kufumbua mafumbo mepesi, watoto wengine walisifiwa akili, wengine walisifiwa juhudi. Yalipokuja mafumbo magumu, waliosifiwa akili walipoteza raha haraka, na walipopewa tena mepesi kama ya mwanzo, walifanya vibaya kuliko walivyofanya mwanzo. Na walipotakiwa wawaandikie alama zao watoto wa shule nyingine, waliosifiwa akili ndio walioongoza kudanganya. Tafiti zilizofuata kuhusu fikra hizi, za kumfundisha mtoto kwamba uwezo hukua kwa juhudi, zimeonyesha kwamba manufaa yake darasani mara nyingi ni madogo kuliko yalivyotangazwa, kwa hiyo usije ukaambiwa kwamba kubadili sifa kutamtoa nafasi ya 31 mpaka ya kwanza. Lakini fikiria binti yako: shule ya zamani kila mtu alimwita kichwa. Mtoto aliyeitwa kichwa akiwa wa tatu, akiwa wa 31 anaitwa nani? Sifa ile ilimwekea jina ambalo hakuwa na uwezo wa kulishika peke yake.

Msifu kwa ulichokiona. "Umerudia hii mara tatu." "Ulikwama ukaniuliza, hukuifunga daftari." "Hii ya pili umeipata kwa njia ambayo mimi sikuijua." Sifa za namna hii zinahitaji uwe umemwangalia kweli, ndiyo maana ni ngumu kuliko kusema "hongera, una akili". Na usizimwage. Mtoto aliyevunjika moyo ana pua kali ya kunusa sifa za huruma.

Baba yake. Sina shaka anampenda. Hakuna anayelipa ada ya mchepuo wa Kiingereza kwa mtoto asiyempenda. Lakini "wanaokushinda wana vichwa viwili?" ni swali ambalo mtoto hana jibu lake isipokuwa moja: hapana, ni mimi ndiye nina kasoro. Na ada ikitajwa kila ripoti inapofika, mtoto anaanza kuona kila hesabu aliyokosa kama fedha aliyoiba mfukoni mwa baba yake. Tangu matokeo yaliyotangazwa Januari 2023, Baraza la Mitihani la Taifa liliacha kutangaza watahiniwa na shule zilizoongoza kitaifa. Nyumbani bado tunatangaza. Zungumza naye mkiwa wawili, si mbele ya mtoto na si siku ya ripoti. Usimwambie anakosea kulea, mwombe kazi. Mwambie awe mtu wa maneno matatu ya jioni, yeye ndiye ampime mtoto kwenye lile daftari dogo dakika kumi akirudi. Baba wengi wanakaripia kwa sababu hawajui washike wapi. Mkabidhi mpini.

Bibi naye usibishane naye, atakuwa na hoja: kweli mtoto akiachwa kila anaposema siwezi, anadeka. Kumwonea huruma mtoto si kumwondolea kazi. Unaweza kumwambia "pole, naona imekuchosha" na bado hesabu ikabaki mezani, zikipunguzwa kutoka kumi hadi tatu. Mpe bibi nafasi yenye heshima. Kama amewahi kusuka ukili na kushona mikeka, kama bibi wengi wa ukanda huu, mwombe amwambie mjukuu habari ya mkeka wake wa kwanza: ulikwenda upande, akafumua, akaanza tena, akafumua tena. Wala usiongeze neno baada ya hadithi. Bibi akimaliza, mtoto akiuliza "Ulifumua mara ngapi?", kazi imefanyika, na imefanywa na mtu ambaye jana alikuwa anasema umemdekeza.

Lile tumbo la Jumatatu ni la kweli. Hofu inauma tumboni, hasa kwa watoto, na mtoto hasingizii. Mpeleke kwanza zahanati wamwangalie kama kuna minyoo au maradhi mengine. Wasipoona kitu, na tumbo likawa linauma siku za shule na kupona Jumamosi, basi ulizia Jumatatu yenyewe. Usimwulize "kwa nini unaogopa", ataitikia "sijui", na ni kweli hajui. Uliza, "Jumatatu mnaanza na somo gani? Nani anasimama mbele? Ukikosa inakuwaje?" Uulize mnapokunja nguo au mnapochambua mchicha, mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamani, watoto husema mengi namna hiyo. Pengine kuna jaribio la kila wiki na majina yanasomwa kwa nafasi. Pengine anachekwa anapotamka. Pengine anachapwa kwa alama. Ikiwa ni hilo la mwisho, ujue kanuni za nchi haziruhusu kila mwalimu kushika fimbo anavyotaka: adhabu ya viboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, anaitoa mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, haizidi viboko vinne, na inaandikwa kwenye kitabu. Kushindwa kugawanya si kosa la nidhamu. Nenda kwa mwalimu mkuu, na uende na baba yake.

Kuna kipindi ambacho mazungumzo haya yote hayatoshi. Ukiona kwa wiki mbili au zaidi hali chakula alichokuwa anakipenda, hachezi na wenzake, usingizi umeharibika, analia bila kusema sababu, au amewahi kusema "bora nisingezaliwa", "natamani nife", usimkemee kwamba anakufuru na usimpuuze kwamba ni mtoto. Mwulize moja kwa moja anamaanisha nini. Kumwuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa mwombe kuonana na wa afya ya akili au ustawi wa jamii. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili inayopokea watoto. Na namba 116 ya simu ya mtoto hupigwa bure, wewe unaweza kupiga na yeye anaweza kupiga. Katika ulichoniandikia sijaona dalili kwamba mmefika huko. Nimekwambia ili uzijue.

Ukitaka kitu cha kufanya usiku badala ya kile cha asubuhi, fanya hiki. Mkila, kila mmoja aseme jambo moja lililomshinda siku hiyo na alichokifanya baada ya kushindwa. Kila mmoja, na baba, na bibi. Anze mtu mzima. Siku nyingine binti yako atasema "sina", mwacheni. Baada ya siku kadhaa atasema. Kisha siku moja muulize kuhusu kesho: "Unatamani kesho iwe vipi?" Atasema anataka apate zote. Usiishie hapo. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia aliyetafiti ndoto njema kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba anayeishia kuwaza mafanikio hupunguza juhudi, kana kwamba mwili umeshafika. Muulize, "Unafikiri utakwama wapi?" Akisema kwenye maswali ya maneno, "Ukikwama utafanyaje?" Na hapo majibu yawe yake: nitapiga mstari neno nisilolijua, nitanyoosha mkono nimuulize mwalimu, nitaruka nirudi baadaye. Mtoto anayeingia darasani na jibu moja la namna hiyo amebeba kitu kuliko aliyesema mara kumi kwamba ni bingwa.

Umeuliza kama umechelewa. Ana miaka tisa, mama. Bado anakusaidia kufunga maandazi na bado anakwambia tumbo linamuuma. Mtoto aliyekata tamaa na mama yake haombi hata hilo. Uniandikie tena muhula ukiisha. Nafasi aliyoshika si lazima uitaje. Ningependa kujua daftari dogo lina maneno mangapi, na kama siku yoyote katika muhula huo alinyoosha mkono darasani.